Kosa Lililozikwa Navatuloa

Nikutegee, nawe ukae vizuri. Mzee amekaa kilimani, ulimi wake umeteremka hadi ndani ya kila nyumba. Akisema, wote wanasikia. Akiulizwa, hajibu. Akitukanwa, hakasiriki, anaendelea tu na maneno yake. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Suva yenyewe, mji mkuu wa visiwa vyetu, maana huko ndiko maneno yake yalikotoka. Huyo ni redio ya Emosi wa Navatuloa, na kama ungekaa upande ule wa kisiwa cha Ovalau miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, ungejibu kabla sijamaliza kutega.

Mlima umesimama katikati ya Navatuloa na Suva. Ungeweza kununua redio nzuri kwa Mhindi wa mji wa Levuka, ukaiweka mezani kwako, ukaambulia mkoromo mtupu. Emosi alirudi kutoka vita vya Malaya na vidole viwili katika mkono wa kulia, lakini alirudi pia na ujuzi wa kutandaza waya. Akaipandisha redio yake kwenye kibanda cha juu mlimani, akaifunga na betri ya lori, akauteremsha waya mnazi kwa mnazi mpaka kijijini. Kila nyumba iliyotaka aliitundikia kisanduku cha mbao chenye spika ndani. Jioni alipowasha, kijiji kizima kilisikia habari za meli, bei ya kopra, sala, na nyimbo.

Hakuna aliyempa Emosi fedha. Ila mtu mwenye vidole viwili hawezi kushika jembe, na shamba lake la magimbi lilikuwa halina magugu wala pengo. Vijana wa nyumba zenye visanduku walipanda kulima wenyewe, na akina mama walipotoka kuvua walipita kwa mkewe, Titilia, wakamwachia samaki. Emosi hakuwaomba, wala hakuwakataza. Titilia alikuwa akisema mumewe ndiye mkulima pekee kisiwani anayelima kwa masikio ya watu.

Siku moja akaja Inoke.

Inoke alikuwa mtu wa Rewa, na watu wa Rewa ni watani wa Navatuloa tangu mababu. Alifanya kazi Levuka katika duka la Bwana Hallam, Mzungu aliyekuwa akiwapeleka waimbaji Suva, anawanasa sauti kwenye santuri, halafu anaziuza visiwani. Alishuka kwenye lori na sanduku la santuri mkononi, gramafoni kwapani, amevaa sulu ya mshono, ile shuka ya kiunoni, na kofia yenye jina la duka.

"Nani huyu kavaa kofia kama bendera?" akauliza Makereta, jirani wa Titilia, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Hodi, watani."

"Hodi ya mtu wa Rewa haiitikiwi mpaka anawe matope masikioni."

"Mimi sikuja kusalimia mbuzi wa mlimani," akajibu Inoke, anavua viatu. "Nimekuja kuwauzia muziki, labda mtajifunza kuimba badala ya kulia me-e."

Wakampa mkeka, wakampa chai ya majani ya mlimao na gimbi la moto. Alipomaliza, akafungua gramafoni, akaweka santuri mpya kabisa, wimbo wa kuagana wenye magitaa matatu. Sindano haijafika ubeti wa pili, akina mama wakaudaka wimbo, wakauimba mbele ya santuri, na sauti ya tatu wakaiongeza wao wenyewe.

Inoke akainua sindano. "Huu umetoka juzi. Mmeusikia wapi?"

"Kwa Emosi," akasema Makereta. "Wanaupiga baada ya habari za meli. Sisi tumeuchoka, wewe ndiyo kwanza unautembeza."

Hakuuza hata santuri moja. Emosi alipopata habari kwamba mgeni kashangaa, alifurahi kama bwana arusi. Akampandisha Inoke hadi kibandani, akamwonyesha betri, maungio, namna alivyoziba kutu kwa nta. Inoke akasifu kwa moyo mweupe. Na alipofika Levuka, Bwana Hallam alipomuuliza kwa nini sanduku limerudi limejaa, akasimulia habari za waya kwa kucheka, kama mtu anavyosimulia ujanja wa watani zake.

Bwana Hallam hakucheka. Akaagiza wakili.

*

Safari ya pili Inoke alikuja bila sanduku. Alikuwa na barua, na kofia ileile. Makereta akamtupia neno la matope, Inoke akatabasamu tu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Emosi. Titilia alikuwa anakuna nazi. Akamwona uso, akaacha kukuna.

"Mtani, kuna msiba?"

"Kuna sheria," akasema Inoke.

Akakaa, akatoa barua ya Bwana Hallam, akaeleza. Kuna sheria mpya imeletwa koloni kutoka Uingereza. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe wa nyimbo hizi ni Bwana Hallam. Redio ya Suva imemlipa mwenyewe ndipo ikapata ruhusa ya kuupiga. Lakini ruhusa ile ni ya redio ya Suva, haiteremki na waya wa Emosi.

Emosi akacheka. "Haya, utani umekolea. Sema ulilojia."

"Si utani."

"Ngoja kwanza. Wimbo ukiingia redioni kwangu, mimi nikausikiliza, nimeiba?"

"Hujaiba."

"Makereta akija kukaa mlangoni pangu akausikiliza?"

"Hajaiba."

"Kijiji kizima kikija kukaa uani?"

Inoke akakuna shingo. "Hapo sijui. Nadhani hamjaiba."

"Sasa mimi nimewapunguzia kutembea. Kosa langu ni kuwahurumia miguu?"

"Kosa lako ni waya, Emosi. Na palizi." Inoke akatazama mkeka. "Wakili anasema anayepeleka wimbo kwa waya kwenye nyumba za watu, nao wakamlipa, anafanya biashara na mali ya mwenzake."

"Nani kanilipa?"

"Shamba lako analima nani?"

Emosi akauficha mkono wake wa kulia chini ya goti, jambo alilokuwa ameacha kulifanya miaka mingi. Titilia aliona, na kuanzia hapo hakumpenda mgeni, mtani au si mtani.

"Wanamlimia kwa sababu ni ndugu yao," akasema. "Wangemlimia hata bila redio."

"Huenda, mama. Kabla ya redio walimlimia?"

Titilia akarudi kukuna nazi. Kabla ya redio alilima yeye mwenyewe, mtoto wao Peni akimshika nguo.

"Bwana Hallam anataka nini?" akauliza Emosi taratibu.

"Ushushe waya. Na ulipe kwa nyimbo zilizokwisha pita. Atakwenda mahakamani."

"Na bei ya kopra? Na habari za tufani? Nazo ni zake?"

"Hizo si zake. Lakini waya haujui kuchagua."

*

Mkuu wa kijiji alikuwa Mzee Asaeli, ndugu mdogo wa baba yake Emosi, mtu wa kukohoa kabla ya kila neno na mwepesi wa kukasirika. Alipoelezwa, hakuulizia sheria. Aliuliza, "Yule mtu wa Rewa bado yupo?"

"Anasubiri lori."

"Basi asipande. Kama tumechukua cha watu bila kuomba, tutaomba sasa. Kosa likizikwa, limezikwa. Jino mnalo?"

Jino la nyangumi lilikuwamo nyumbani, moja tu. Lilikuja kwenye mazishi ya baba yake Emosi, la rangi ya chai, na kamba yake ya nyuzi za nazi. Titilia alikuwa amelikunja ndani ya kitambaa na kulilaza chini ya mashuka, kwa sababu Peni alikuwa mgodini Vatukoula na alikuwa na msichana, na huwezi kwenda kwa watu kuomba binti mikono mitupu. Watu wa msichana walikwisha kuuliza, kwa adabu, watu wa Navatuloa watafika lini.

"Baba mdogo," akasema Titilia, "jino hili lina safari yake."

"Mumeo akifungwa, Peni ataoa?"

Akalitoa. Alilifuta kwa mafuta ya nazi mpaka likang'aa, akampa mumewe bila kumtazama.

Inoke alipoitwa nyumbani kwa Mzee Asaeli na kuwakuta wanaume wamekaa chini, vichwa vimeinama, alijua. Aliona jino mikononi mwa mzee, akasimama mlangoni kidogo zaidi ya inavyopasa. Kulikataa jino la kuzika kosa ni kutangaza uadui mbele ya watu, na watu wenyewe ni watani wako, umekwisha kula gimbi lao. Akaingia, akakaa.

Mzee Asaeli akakohoa. "Jino letu ni dogo, halilingani na uzito wa jambo. Kama kijana wetu amechukua bila kuomba, hatuna la kujitetea. Tunaomba kosa lizikwe hapa mkekani. Lisitajwe tena, si kwenu, si kwetu."

Inoke akanyoosha mikono, akalipokea, akaligusisha pua. Desturi ni kwamba anayepokea hutaja kwanza watu anaopokea kwa niaba yao. Inoke hakutaja watu. Alisema tu, "Nimelipokea. Kosa limezikwa. Kila mmoja akae nyumbani kwake kwa amani." Akapiga makofi yale mazito ya viganja vilivyokunjwa, wanaume wote wakaitika. Yakona, kile kinywaji cha mizizi, ikatiwa maji, bakuli likazunguka, na Mzee Asaeli akamwambia Inoke kwamba kwa mtu wa matope amekaa vizuri sana. Kicheko kikarudi nyumbani.

Titilia alikuwa amekaa na wanawake karibu na mlango. Inoke alipotoka kulingojea lori, akamfuata hadi barabarani.

"Mtani, nikuulize. Ulipolipokea lile jino, ulikuwa nani pale mkekani? Inoke wa Rewa, au Bwana Hallam?"

Inoke akacheka. "Mama, lori hilo."

"Nimeliona. Nijibu."

"Litaniacha," akasema, akapanda na jino kifuani.

*

Samansi ililetwa na askari wa Levuka, kijana wa watu wa Bureta, aliyevua kofia kabla ya kuitoa. Emosi alisoma. Tarehe ilikuwapo, jina lake lilikuwapo, na la Bwana Hallam.

"Hii imechelewa njiani," akasema. "Jambo lenyewe limekwisha."

"Mimi nimeambiwa nilete tu, kaka."

Jioni ile Titilia akasema waende. Hata kama limekwisha, si vibaya kwenda kusema limekwisha.

"Kusema mbele ya nani?" Mzee Asaeli alikuwa ameletewa chai, hakuigusa. "Uende ukasimame mahakamani ulitaje kosa lililozikwa? Inoke atakutazamaje? Atasema watu wa Navatuloa wanazika mchana, wanafukua kesho yake. Sisi tutakuwa ndio tuliovunja."

"Na wao walioleta karatasi?"

"Karatasi ni ya Wazungu. Inoke atawaambia. Ndiyo kazi yake."

Titilia akamgeukia mumewe. Emosi alikuwa askari, alikuwa anajua karatasi ya serikali haipotei njiani. Lakini alikuwa pia amekaa chini ya lile jino, kichwa kimeinama, kosa lake likisemwa na mzee wake. Mtu hapiti hapo mara mbili.

"Inoke alipiga makofi, Titi," akasema. "Wote tulisikia."

Siku ya kesi alipanda kibandani akabadilisha maungio yaliyoshika kutu.

*

Hukumu ilitoka bila wao kuwapo. Dalali wa mahakama alikuja na lori la kukodi na vibarua wawili, akasoma kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza. Redio, betri, waya na visanduku vyote vinachukuliwa. Juu ya hivyo Emosi alipe pauni themanini, na asipolipa kabla ya mwezi kwisha, jela ya Suva. Hata angeuza kopra ya mwaka mzima, na ya majirani, zisingefika.

Waliuanza waya kule juu, wakaukunja wakishuka nao. Emosi hakuweza kukaa kimya akiona wanavyouvuta. "Usivute hapo, utakatika," akamwambia kibarua. "Fungua fundo kwanza." Mwisho akawa anawaonyesha mwenyewe, mnazi kwa mnazi, kwa mkono ule wa vidole viwili. Watoto walisimama wakatazama. Katika kila nyumba mtu alitoka na kisanduku chake, wengine wamekifuta vumbi kana kwamba kinakwenda kanisani.

Makereta alikishika chake akakataa kukitoa.

"Mimi nilimpa Emosi samaki," akamwambia dalali. "Sikumnunulia redio. Nilimpa samaki kwa sababu mkewe mbaya wa kuvua. Andika hivyo."

"Mama, toa tu."

"Andika kwanza. Titilia hajui kuvua."

Vibarua wakacheka, na Titilia naye, kidogo. Halafu Makereta akatoa kisanduku, akaingia ndani, akafunga mlango mchana.

Vijana hawakukataa kuja shambani. Ni Emosi aliyewarudisha. Walipofika na majembe akawaambia asante, nendeni kwenu, msije mkaandikwa. Akaanza kulima mwenyewe, mpini wa jembe kaufunga kwenye kifundo cha mkono kwa kamba. Titilia alimkuta amekaa kwenye tuta, anailegeza kamba kwa meno, mkono umevimba.

"Hebu leta," akasema, akamfungulia. "Ulikuwa unataka kumwonyesha nani?"

"Hakuna mtu hapa."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Emosi akatazama magimbi. "Inoke alipouliza shamba langu nani analima, nilifikiri nitakufa pale mkekani. Miaka yote nilijua, Titi. Nilifanya kama sijui."

Titilia akachukua jembe, akaendelea pale alipoishia. Kesho yake akavaa nguo ya kanisani, akapanda lori la Levuka.

*

Duka la Bwana Hallam liko kwenye barabara ya ufukweni, lina dirisha kubwa la kioo. Titilia alikuwa akitafuta mlango ndipo akaona. Ndani ya dirisha waliweka santuri zimepangwa kama mkia wa tausi, na katikati, juu ya kitambaa cheusi, jino. Lilikuwa na rangi yake ya chai, na pale kwenye tundu kamba ilikuwa na fundo alilolifunga mama mkwe wake. Mzungu mmoja na mkewe walisimama wakalitazama, wakaendelea na safari yao.

Akaingia. Inoke alikuwa nyuma ya kaunta, kavaa kofia. Alipomwona, akainama kama anayetafuta kitu chini.

"Simama, mtani. Nimekwisha kukuona."

Akasimama. "Mama, tutoke nje."

"Hapa panatosha. Bwana wako alilitoa wapi?"

"Nilimpa," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia wanakijiji wametuma zawadi."

"Zawadi."

"Nilitaka kumweleza. Nilianza. Akasema ni zuri, akaliweka dirishani. Nikaona nitangoja siku akiwa na moyo mzuri."

"Sasa dirisha lenu lina zawadi na mume wangu ana mwezi mmoja. Nilikuuliza jambo barabarani, ukapanda lori."

Inoke akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta, akaiangalia. "Ile nyumba ninayokaa ni ya Bwana Hallam. Watoto wangu watano wanalala humo. Ada ya shule anailipa yeye, anaikata kidogo kidogo. Nikisema nilikuwa yeye, atasema nani alinituma kuwa yeye. Nikisema nilikuwa mimi..."

"Ukisema ulikuwa wewe?"

"Nitakuwa nimewala watani zangu jino."

"Basi chagua," akasema Titilia. Mteja akaingia, kengele ya mlango ikalia, na Inoke akavaa kofia yake.

Titilia alikwenda mahakamani kwa miguu, ni karibu tu. Karani alimsikiliza akiwa anakula mkate. Akamwambia mume aje mwenyewe aombe kesi ifunguliwe upya. Hakimu atauliza sababu ya kutofika, na sababu ikiwa ya maana atafungua. Aombe na yule aliyepeleka barua aitwe.

"Sababu ya maana kwa nani?" akauliza Titilia.

"Kwa hakimu, mama."

Kumleta Emosi ilikuwa kazi kubwa kuliko kumpata karani. Mzee Asaeli alisema hataki kusikia. Emosi alisema akimtaja Inoke kizimbani atakuwa amefukua.

"Usimtaje," akasema Titilia. "Wewe njoo tu. Ukiwa jela hutalima, ukiwa na aibu hutalima. Lakini nikikuona umefunga tena lile jembe mkononi, nitakwenda kwa mama yangu kule Bua, na huko samaki ni wengi, hata mimi nitavua."

Emosi akamtazama, akatafuta shati lake la jeshi.

*

Chumba cha mahakama ni cha mbao, madirisha yako wazi upande wa bahari. Mbele alikaa hakimu, Mzungu mzee mwenye kikohozi kama cha Asaeli. Bwana Hallam alikuwa na wakili wake kutoka Suva. Inoke alikaa nyuma yao, kofia magotini. Mkalimani, mtu wa Lau mwenye sauti nzuri ya kuhubiri, alisimama katikati.

Wakili alisema kwa ufupi. Sheria ni mpya lakini iko wazi, nyimbo zina mwenyewe, mdaiwa alizipeleka kwa waya kwenye nyumba za watu waliokuwa wakimlipa kwa kazi na chakula. Aliitwa akakaidi. Mahakama isichezewe.

Hakimu akamgeukia Emosi. Mkalimani akatafsiri. "Unaulizwa, kwa nini hukufika siku uliyoitwa?"

Emosi alisimama wima kama gwaride. "Kwa sababu jambo lilikwisha zikwa."

Mkalimani akasita, halafu akaiweka kwa Kiingereza kadiri alivyoweza. Wakili akatabasamu, akamnong'oneza Hallam, naye akatabasamu pia. Hakimu alikuwa amekaa visiwani muda wa kutosha, hakutabasamu.

"Kulizika kunahitaji pande mbili. Ulizika na nani?"

Emosi akafumba mdomo.

"Umesikia swali?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Bila jibu siwezi kukusaidia. Ulizika na nani?"

Emosi alitazama sakafu. Jasho lilimtoka shingoni, likaingia kwenye kola ya shati la jeshi. Ungedhani hana jibu. Watu wa nyuma wakaanza kuguna, wakili akaanza kukusanya karatasi zake, na hakimu akashika kalamu.

Titilia akasimama kwenye benchi la watazamaji.

"Mtani," akasema, wala hakumtazama hakimu, "mume wangu hatakutaja. Atakwenda jela na hatakutaja, kwa sababu wewe ulipiga makofi naye akayaamini. Mimi ni mwanamke, sikukaa kwenye mkeka ule, nilikaa mlangoni. Basi nakuuliza tena lile swali la barabarani."

"Mama, kaa chini," akasema askari.

"Ninakaa," akasema, akakaa.

Hakimu akamuuliza mkalimani mwanamke kasema nini. Mkalimani akamweleza, na desturi ya jino juu yake, kwa muda mrefu kuliko alivyosema Titilia mwenyewe. Hakimu akaweka kalamu. Akamtazama Inoke, akaagiza asogee mbele na aapishwe.

Inoke akatembea kama mtu anayevuka matope ya kwao. Akashika Biblia, akaapa. Bwana Hallam akageuza kiti chake kumwelekea, mguu mmoja juu ya mwingine, wala hakuwa na wasiwasi, maana huyu alikuwa mtu wake.

"Ulipewa jino la nyangumi Navatuloa?" akauliza hakimu.

"Nilipewa, mheshimiwa."

"Jino hilo liko wapi?"

"Dirishani, dukani."

Bwana Hallam akateremsha mguu. Wakili wake akamwinamia akamuuliza kitu, naye akatikisa kichwa upesi upesi.

"Jino la namna hiyo maana yake nini, likipokewa?"

"Kosa limekwisha. Halitajwi tena, wala halidaiwi."

"Ulimwambia hivyo mwajiri wako?"

"Sikumwambia. Niliogopa."

Wakili akasimama. Akasema kwa heshima zote, shahidi ni mwuza duka, hakutumwa kupatana na mtu, na vitu alivyopewa na ndugu na watani zake huko vijijini ni mambo yake binafsi. Hakimu akamwacha amalize. Kisha akamwambia mkalimani polepole, ili neno lisipotee.

Mkalimani akamgeukia Inoke. "Unaulizwa. Ulipopokea jino lile, ulikuwa nani? Ulikuwa mtu binafsi, au ulikuwa mahali pa Bwana Hallam?"

Inoke aliigeuza kofia ile mikononi, jina la duka likaja mbele, likaenda nyuma. Akamtazama Bwana Hallam, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa taratibu, kama unavyomkataza mtoto. Akamtazama Emosi, ambaye bado alikuwa akitazama sakafu. Mwisho akageuka kabisa, akawapa mgongo mabwana wote, akawa anaongea na benchi la nyuma, kwa lugha ya nyumbani, na mkalimani akawa bado hajafungua kinywa.

"Mama, mimi watu wa Navatuloa hawajanikosea kitu. Walinipa chai na gimbi. Hakukuwa na kosa kati yao na Inoke wa Rewa hata waniwekee jino. Pale mkekani nilikuwa Bwana Hallam."